Mtoto wa Jicho: Kupima Tiba Mbadala kwa Mizani ya Ushahidi

Mada iliyotolewa kwa wazee wastaafu na familia zao

 

Sisi ni watumishi wa mamlaka inayosimamia ubora, usalama na ufanisi wa dawa. Hatukuja kuchukua nafasi ya daktari wa macho, wala hatukuja kuwadharau waganga wa tiba asili, ambao wengi wenu mmewategemea tangu utotoni. Kazi yetu ni ndogo kuliko hiyo. Kila bidhaa inapoitwa dawa, sisi huuliza: Je, yale yanayosemwa juu yake yamethibitishwa? Leo tunapenda kuliuliza swali hilo pamoja nanyi kuhusu bidhaa na tiba zinazosemwa kuwa huzuia mtoto wa jicho.

Tuanze na kisa. Mwalimu mmoja mstaafu alifika ofisini kwetu akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Katika mfuko walikuwa na chupa tatu za matone na kopo la vidonge. Alikuwa amevitumia kwa miaka miwili, kwa kuwa aliambiwa kwamba vinamzuia mtoto wa jicho asikomae. Hakuja kulalamika. Alitaka tu kujua kama bidhaa hizo zimesajiliwa, maana fedha ya chupa ya nne ilikuwa itoke kwenye akiba yake ya mwisho. Tulimshauri aende kwanza kliniki ya macho. Huko alikutwa na mtoto wa jicho kweli, lakini alikutwa pia na presha ya jicho, ambayo kitaalamu huitwa glakoma. Mtoto wa jicho alitolewa kwa upasuaji, na mwangaza ukaongezeka. Lakini sehemu ya uoni iliyoharibiwa na presha ya jicho haikurudi, wala haitarudi.

Kisa hicho tutakirejea mwishoni, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo tungependa kila mmoja aondoke nalo.

Mtoto wa jicho ni nini

Jina hili la kwetu ni zuri, lakini huwapotosha wengi. Mtu akisikia "mtoto" hudhani kuna kitu kimezaliwa juu ya jicho, kama ngozi nyembamba au utando, ambacho kinaweza kuoshwa, kukwanguliwa au kuyeyushwa kwa matone. Wengine humchanganya na kinyama kinachoota juu ya weupe wa jicho kuelekea katikati. Kinyama hicho ni tatizo jingine kabisa.

Mtoto wa jicho hayupo juu ya jicho. Yupo ndani, nyuma ya ile duara nyeusi ya katikati. Hapo pana lenzi, kioo kidogo kinachokusanya mwanga na kuupeleka nyuma ya jicho. Lenzi imejengwa kwa maji na protini zilizopangwa kwa utaratibu unaoruhusu mwanga kupita. Protini za katikati ya lenzi ni zilezile tulizozaliwa nazo; mwili hauzibadilishi kama unavyobadilisha ngozi au damu. Kadiri miaka inavyopita, protini hizo huharibika na kugandana, na lenzi hupoteza ung'avu wake. Mfano ulio karibu nasi ni ute wa yai. Ukiwa mbichi unapitisha mwanga. Ukishaiva huwa mweupe, na hakuna anayejua namna ya kuurudisha ubichi wake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 94 duniani wana matatizo ya kuona, au upofu, kwa sababu ya mtoto wa jicho ambaye angeweza kushughulikiwa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya upofu ulimwenguni. Upasuaji wake unafahamika: lenzi iliyochafuka hutolewa na mahali pake huwekwa lenzi ya bandia. Daktari Harold Ridley aliweka lenzi ya kwanza ya aina hiyo jijini London mwaka 1949, na tangu hapo njia imeboreshwa sana. Leo, mara nyingi, kazi hiyo huchukua chini ya nusu saa kwa ganzi ya jicho pekee, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Upasuaji huu nao una hatari zake, ikiwamo maambukizi ndani ya jicho, ingawa hutokea mara chache.

Hata hivyo, binadamu huogopa kisu. Gharama, umbali wa hospitali na habari za jirani ambaye upasuaji wake haukwenda vizuri humfanya mtu atafute njia nyingine. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini wauzaji wameshaifahamu, na ndiyo inayouza bidhaa zao.

Mizani tunayoitumia

Dawa inapoletwa mbele yetu, hatuulizi kama imetoka shambani au kiwandani. Miti shamba imeipa dunia dawa kubwa. Artemisinini, inayotibu malaria, hutokana na mmea unaolimwa hata hapa Tanzania. Pilokapini, dawa ya matone iliyotumika kwa miongo mingi kutibu presha ya jicho, ilitokana na majani ya mti wa Amerika ya Kusini uitwao jaborandi. Mimea hiyo haikugeuka kuwa dawa kwa sababu ilikuwa ya asili, wala haikukataliwa kwa sababu hiyo. Ilipimwa, kiwango chake kikajulikana, na madhara yake yakaandikwa.

Tunauliza maswali manne. Kwanza, tiba ilijaribiwa kwa nani: kwa watu, kwa wanyama, au ndani ya chupa ya maabara? Pili, waliotumia walilinganishwa na nani? Bila kundi la pili linalopewa kidonge kisicho na dawa, hatuwezi kujua kama nafuu imeletwa na dawa au ingekuja yenyewe. Tatu, walifuatiliwa kwa muda gani? Mtoto wa jicho hukua kwa miaka, hivyo jaribio la wiki nne halitoshi. Nne, je, kuna watafiti wengine waliorudia na kupata jibu hilohilo?

Sasa tuziweke tiba zenyewe kwenye mizani, moja baada ya nyingine.

Vidonge vya vitamini na virutubisho

Hoja ya wauzaji ina mantiki. Protini za lenzi huharibiwa kwa sehemu na kemikali zinazotokana na oksijeni mwilini, na baadhi ya vitamini huzizima kemikali hizo. Kwa hiyo, wanasema, ukimeza vitamini nyingi utailinda lenzi. Jambo lenye mantiki linastahili kupimwa, na hili limepimwa sana.

Mwaka 2001 nchini Marekani yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliowafuatilia watu zaidi ya 4,600 kwa wastani wa zaidi ya miaka sita. Baadhi walipewa vitamini C, vitamini E na beta-karotini kwa vipimo vikubwa, wengine hawakupewa. Kuhusu mtoto wa jicho hapakuwa na tofauti. Mwaka 2013 utafiti uliofuata ulitazama lutini na zeaksanthini, virutubisho vinavyosifiwa sana katika makopo ya "dawa za macho". Kwa jumla, waliovitumia hawakupungukiwa na haja ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Aidha, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012 yaliunganisha majaribio tisa yenye washiriki zaidi ya 117,000, na hayakuona kwamba vitamini C, vitamini E au beta-karotini huzuia mtoto wa jicho au kupunguza kasi yake.

Hapa pana mtego. Utafiti wa kwanza kati ya hizo ulionyesha manufaa kwa ugonjwa mwingine, ule wa uzeeni unaoharibu sehemu ya nyuma ya jicho, kwa baadhi ya wagonjwa waliokuwa nao tayari. Muuzaji huchukua sifa hiyo ya kweli na kuihamishia kwa mtoto wa jicho. Kopo likiandikwa "imethibitishwa kwa macho", ulizeni: kwa ugonjwa gani wa macho?

Haki inatutaka tuseme pia yaliyo upande wa pili wa mizani. Madaktari wanaume wa Marekani wenye umri wa miaka 50 na zaidi walifuatiliwa kwa takriban miaka kumi na moja, nusu yao wakimeza kidonge cha kawaida cha mchanganyiko wa vitamini kila siku. Kati ya wale ambao hawakuwa na mtoto wa jicho mwanzoni, waliompata walikuwa 872 katika kundi la vitamini na 945 katika kundi la kidonge kisicho na dawa. Tofauti ipo, lakini ni ndogo: watu 73 kati ya maelfu, baada ya miaka kumi na moja ya kumeza kidonge kila siku. Huko Linxian, nchini China, matokeo ya mwaka 1993 yalionyesha nafuu kubwa zaidi kwa watu wa umri wa miaka 65 hadi 74. Lakini wakazi wa eneo hilo walikuwa na upungufu mkubwa wa lishe. Funzo tunalolipata ni kwamba mwili uliopungukiwa hufaidika unapopewa unachokosa. Halisemi kwamba mtu anayekula vizuri ataongezewa uoni kwa kumeza zaidi.

Wala "zaidi" si salama nyakati zote. Nchini Finland, wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki jaribio la beta-karotini, na mwaka 1994 ilibainika kwamba waliopewa kirutubisho hicho walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa. Mzee anayevuta sigara na kumeza vidonge vya beta-karotini ili kulinda macho anaweza kuwa anayaweka mapafu yake hatarini.

Matone ya kuyeyusha

Kundi la pili ni matone yanayotangazwa kuwa huyeyusha mtoto wa jicho bila kisu. Yanayotajwa zaidi yana kemikali iitwayo N-asetilikanosini. Watafiti wa Cochrane walichapisha mapitio yao mwaka 2017. Walipata tafiti mbili tu zilizoelekea kufaa, moja ya Urusi na nyingine ya Marekani, lakini taarifa zake hazikuweza kuthibitishwa kiasi cha kutosha kuingizwa katika mapitio. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hakuna ushahidi wa kuridhisha kuwa matone hayo hurudisha nyuma mtoto wa jicho au kumzuia asiendelee.

Lipo pia jina la lanosteroli. Mwaka 2015 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kemikali hiyo ilipunguza ukungu katika lenzi za sungura zilizokuwa maabara na katika macho ya mbwa. Ilikuwa habari ya kutia moyo. Lakini watafiti wengine walipojaribu baadaye kwa lenzi za binadamu zilizotolewa kwenye upasuaji, hawakupata matokeo hayo. Huo ndio mwendo wa kawaida wa sayansi: hatua moja mbele, kisha kujihakiki. Kosa si la watafiti. Kosa ni la anayeuza chupa leo kwa kutumia habari ya mbwa, huku akimficha mnunuzi habari ya lenzi za binadamu.

Asali, majani na vitu vingine vya kutia machoni

Hapa tunawaomba uvumilivu wenu, kwa sababu tunagusa mambo ya nyumbani. Asali, maji ya majani yaliyotwangwa, mafuta ya mnyonyo, maziwa ya mama, maji ya tumbaku, hata mkojo: vyote hivi vimetiwa machoni kwa vizazi vingi, na waliovitia walikuwa na nia njema. Hakuna hata kimoja kilichothibitishwa na jaribio thabiti la kulinganisha kuwa huzuia mtoto wa jicho. Na tukikumbuka kwamba lenzi ipo ndani ya jicho, tutaelewa kwa nini kuosha juu hakuifikii.

Tungeishia hapo kama vitu hivi vingekuwa tu havifai. Tatizo ni kwamba vinaweza kudhuru. Kioo cha mbele cha jicho, kiitwacho konea, ni laini mno. Kikichubuliwa na chembe za majani au kikiingiliwa na vijidudu, hupata kidonda; kidonda kikipona huacha kovu jeupe, na kovu hilo huzuia mwanga kwa kudumu. Tafiti zilizochapishwa mwaka 1994 kuhusu wagonjwa wa konea nchini Tanzania na Malawi zilikuta kwamba takriban robo yao hapa kwetu, na karibu theluthi huko Malawi, walikuwa wametia dawa za kienyeji machoni. Wapo waliotia dawa baada ya jicho kuwa tayari bovu, hivyo hatusemi kila kidonda kililetwa na dawa. Tunasema jicho lililo hatarini liliongezewa hatari.

Wala msidhani kwamba hatari hiyo ni ya kijijini tu. Mwaka 2023 nchini Marekani, matone ya kulainisha macho yaliyotengenezwa kiwandani na kuuzwa bila cheti cha daktari yalihusishwa na mlipuko wa maambukizi ya bakteria sugu. Watu 81 katika majimbo 18 waliambukizwa. 14 kati yao walipoteza uoni, na wanne walifariki dunia. Ikiwa kiwanda chenye mashine kinaweza kushindwa kuilinda chupa dhidi ya vijidudu, tujiulize kuhusu chupa iliyojazwa chumbani na kufungwa kwa mkono.

Chakula ni jambo tofauti. Mlonge, mchicha, matembele, karoti, maembe na mapapai ni chakula chema, na vitamini A iliyomo katika mboga na matunda mengi ni muhimu kwa macho. Kuleni bila hofu. Tunachosema ni kwamba majani yale yale yakiwa chunguni ni mboga. Yakikamuliwa ndani ya jicho ni hatari.

Kwa nini shuhuda hutuvuta

Mtu atasema: "Lakini shemeji yangu alitumia na akaanza kusoma gazeti bila miwani!" Hatusemi kwamba shemeji huyo anadanganya. Mara nyingi anasema kweli tupu.

Katika aina moja ya mtoto wa jicho, kitovu cha lenzi huwa kigumu na kuanza kuukunja mwanga kwa nguvu zaidi. Mtu aliyekuwa akihitaji miwani ya kusomea hujikuta anaweza kusoma bila miwani. Anafurahi na kusema macho ya ujana yamerudi. Kumbe ni dalili kwamba mtoto wa jicho anaendelea kukua. Baada ya muda, nafuu hiyo hutoweka. Ikiwa wakati huo mtu huyo alikuwa akitia matone, nani atamshawishi kwamba si matone yaliyomsaidia?

Mwenye kisukari naye, sukari yake inapopanda na kushuka, lenzi hubadilika na uoni wake hubadilika nayo. Akianza vidonge vya miti shamba katika wiki ileile aliyoanza kufuata masharti ya chakula, sifa zote zitakwenda kwa vidonge. Miwani ya plastiki yenye vitundu nayo humwonyesha mtu vizuri zaidi kwa muda anaoivaa, kwa sababu tundu dogo huchuja mwanga uliotawanyika. Akiivua, lenzi yake iko palepale.

Ndiyo maana tunasisitiza kundi la kulinganisha. Hatufanyi hivyo kwa kuwadharau mashahidi. Ni kwamba jicho la mtu mmoja haliwezi kumwambia lingekuwaje kama asingetumia dawa.

Yaliyo na uzito zaidi

Je, hakuna la kufanya ila kungoja? Lipo. Nalo tutalipima kwa mizani ileile, bila upendeleo.

Uvutaji wa sigara umehusishwa na mtoto wa jicho katika tafiti nyingi za nchi mbalimbali. Kuacha ni faida kwa macho, kwa moyo na kwa mapafu.

Jua kali pia lina sehemu yake. Mwaka 1988 ulichapishwa utafiti wa wavuvi 838 wa ghuba ya Chesapeake nchini Marekani, watu wanaofanya kazi juu ya maji yanayorudisha mwanga, kama walivyo wavuvi wetu wa pwani na wa maziwa. Kila kiasi cha miale waliyopata maishani kilipoongezeka maradufu, uwezekano wa kupata aina mojawapo ya mtoto wa jicho uliongezeka mara 1.6. Kofia yenye ukingo mpana na miwani inayozuia miale ya jua ni kinga ya gharama ndogo.

Kisukari kisichodhibitiwa humleta mtoto wa jicho mapema. Pimeni sukari, na fuateni masharti ya daktari.

Dawa za jamii ya steroidi, zikitumika kwa muda mrefu bila uangalizi, zinaweza kuleta mtoto wa jicho na pia kupandisha presha ya jicho. Hili tunalisema kwa msisitizo, kwa sababu yapo matone yenye deksamethasoni ambayo watu hununua wenyewe kwa ajili ya macho yanayowasha, wakayarudia mwezi baada ya mwezi. Jicho linatulia na mwekundu unapungua, huku ndani mambo yanaharibika kimyakimya. Aliyeandikiwa steroidi kwa ugonjwa mwingine asiache ghafla. Amuulize daktari wake.

Mwisho ni majeraha. Fundi wa kuchomelea, mpasua kokoto na mpasua kuni wavae kinga ya macho.

Tunakiri kwamba sehemu kubwa ya ushahidi huu umetokana na kuwafuatilia watu katika maisha yao, si kwa majaribio ya kulinganisha, kwa kuwa hakuna anayeweza kuwaamuru watu wavute sigara kwa miaka kumi ili apate jibu. Hata hivyo tunaupa uzito, kwa sababu umerudiwa mahali pengi, na kwa sababu anayeufuata hapotezi kitu hata kama faida kwa macho itakuwa ndogo. Tofauti na chupa ya matone, kofia haina madhara na kuacha sigara huokoa fedha.

Kabla hamjatoa fedha

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza linalosajili waganga na kusimamia huduma hizo. Kwa hiyo mna haki ya kuuliza, na anayeuza kwa uhalali hatakasirika akiulizwa. Ulizeni haya:

Je, mganga au duka hili limesajiliwa, na namba ya usajili ni ipi?

Je, bidhaa imesajiliwa, na imesajiliwa kwa matumizi gani? Kuna tofauti kati ya kirutubisho cha chakula na dawa ya kutibu ugonjwa.

Je, lebo inaonyesha viambato vyote, jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na namna ya kuhifadhi? Chupa ya matone isiyo na maelezo hayo isiguse jicho.

Je, imeahidiwa kuponya kila kitu, kuanzia macho hadi nguvu za kiume? Dawa ya magonjwa yote ni dalili ya kutokuwa dawa ya lolote.

Je, muuzaji anakuzuia kwenda hospitali au kuacha dawa ulizoandikiwa? Hapo simameni mara moja.

Ikiwa mmekwisha kutumia bidhaa na jicho likauma, likawa jekundu, likatoa usaha au uoni ukapungua, acheni na nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo, mkiwa na chupa yenyewe. Msione haya kumweleza daktari mlichotia. Hataweza kuwasaidia vizuri bila kujua. Kisha tupeni taarifa sisi, ili mwingine asidhurike kwa chupa kama hiyo. Na mkiona weupe katikati ya jicho la mjukuu, msingoje hata wiki. Kwa mtoto mdogo inaweza kuwa mtoto wa jicho anayehitaji kutolewa mapema, au saratani ya jicho, na katika yote mawili kuchelewa kuna hasara kubwa.

Neno la mwisho

Tuliahidi kukirejea kisa cha mwalimu mstaafu. Mtu anaweza kusema kwamba kosa lake lilikuwa kununua matone yasiyo na ushahidi. Sisi hatuoni hivyo. Fedha zilipotea, ni kweli, na hilo linauma. Lakini mtoto wa jicho alimngoja. Miaka miwili baadaye aliweza kutolewa na mwangaza ukarudi. Presha ya jicho haikumngoja. Ilikuwa ikiendelea bila maumivu, huku yeye na familia yake wakiamini kwamba ukungu wote ni wa mtoto wa jicho, na kwamba unatibiwa. Matone hayakumdhuru kwa yaliyokuwemo ndani yake. Yalimdhuru kwa kumpa sababu ya kutokwenda kupimwa.

Kwa hiyo, ushahidi unapokuwa haba, msiulize tu, "Je, tiba hii inaweza kufaa?" Karibu kila kitu chaweza kufaa. Ulizeni pia, "Ikiwa haifai, nitakuwa nimepoteza nini wakati nangojea?" Anayekula mboga na kuvaa kofia hapotezi chochote. Anayetia majani jichoni anaweza kupoteza konea. Anayetia matone ya kuyeyusha badala ya kwenda kupimwa anaweza kupoteza uoni ambao hakuna fundi wa kuurudisha.

Hatuwakatazi tumaini, wazee wetu. Tunawaomba jambo moja: kabla ya chupa, kipimo. Kila mwenye umri wa miaka 40 na zaidi apimwe macho, pamoja na presha ya jicho, hata kama anaona vizuri. Mwenye kisukari apimwe kila mwaka. Asiye na uwezo aulize dirisha la wazee kuhusu msamaha wa gharama, na asikilize matangazo ya kambi za macho katika wilaya yake. Mkishajua kilichomo ndani ya jicho, rudini nyumbani, kaeni na watoto wenu, mkate shauri lenu mkiwa na mwanga.

 Sasa tunakaribisha maswali, na aliyekuja na chupa yake asisite kuitoa mfukoni. Tutaisoma lebo pamoja.